Mchezaji Mzuri ni Yupi?
Somo kwa wanachama wa klabu za michezo za ridhaa

Katika somo letu la leo tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hudhani tunalijua tayari, yaani mwenendo mwema wa mwanachama wa klabu ya michezo. Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa sekondari, "Mchezaji mzuri ni yupi?" atakujibu haraka haraka: ni yule anayefunga magoli, anayepiga chenga, mwenye mbio. Sawa. Lakini jiulize swali la pili. Je, mchezaji huyo huyo akimtukana refa, akimvunja mwenzake mguu makusudi, au akificha maumivu ya kichwa mpaka akazimia uwanjani, bado ni mzuri? Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Mifano yetu mingi tutaichukua Kisiba, wilayani Rungwe, karibu na lile ziwa la volkano ambalo wengine huliita Kisiba na wengine Masoko. Hata kama wewe unasoma Kigoma au Pemba, soma tu. Mpira ni mmoja.

TUANZE NA KISA

Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja wa kijiji ameshaona kinachofanana nacho.

Ni Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi kama kawaida ya Rungwe, na uwanja umekuwa tope tupu. Timu ya vijana ya Kisiba inacheza na timu ya kijiji jirani. Matokeo ni moja kwa moja, na zimebaki dakika tano. Krosi inapigwa. Golikipa wa Kisiba anaruka kudaka, na hapo hapo kichwa chake kinagongana na goti la mshambuliaji wa wageni. Golikipa anaanguka chini. Mpira unamdondokea mgeni wa pili, goli liko wazi kabisa, na refa hajapuliza. Yule kijana anamtazama golikipa aliyelala, kisha anaupiga mpira nje.

Golikipa anamwagiwa maji, anasimama. Anamwuliza beki wake, "Hivi tuko ngapi ngapi?" Anajibiwa. Baada ya muda kidogo anauliza tena swali lile lile. Kocha anapiga kelele kutoka pembeni: "Huyo dume huyo! Mrudisheni golini!" Wachezaji wa akiba wameshaisha. Mashabiki wanaimba. Kapteni anatazama huku na huku.

Sasa wewe msomaji, ungekuwa kapteni ungefanya nini? Shika jibu lako kwanza, tutarudi hapo baadaye.

NENO "RIDHAA" LINA MAANA GANI?

Klabu nyingi za vijijini na mashuleni ni klabu za ridhaa. Wachezaji hawalipwi mshahara. Neno ridhaa maana yake ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe bila kulazimishwa. Kwa hiyo ukijiunga na klabu ya ridhaa umetoa neno lako. Hakuna aliyekununua, na hakuna aliyekuandikisha mkataba. Umeridhia mwenyewe.

Watu wengine husema, "Aa, kwani nalipwa? Nikichelewa mazoezi shauri yangu." Hapo wamekosea kabisa. Timu inayolipa mishahara ina njia nyingi za kumrudi mchezaji: humkata fedha, huvunja mkataba, humwuza. Klabu ya ridhaa haina hizo. Kinachoishikilia ni watu kutimiza walichoahidi. Wachezaji watatu wakizoea kuchelewa, wa nne naye ataona hakuna sababu ya kuwahi. Wakianza matusi wawili, wazazi watawakataza watoto wao wasije. Klabu itakufa, na jezi zitabaki kwenye gunia kwa katibu.

Ni kweli kwamba wengi wetu tuna ndoto kubwa, na ndoto si kosa. Wilaya hii ya Rungwe ina historia yake. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mbele ya vigogo wa Dar es Salaam. Lakini tuseme ukweli: katika kila vijana mia wanaokimbia kwenye tope lile, wengi watakuwa wakulima wa chai na ndizi, walimu, mafundi, wauguzi na madereva. Klabu itawapa nini hao? Itawapa mwili wenye afya, marafiki, na mazoea ya kutimiza neno. Vitu hivyo vitatu vinaharibika upesi sana pale mwenendo unapokuwa mbaya.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Wengine hudhani nidhamu ya michezo ni mambo ya Wazungu. Hebu tuwatazame wazee wa Rungwe. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Wavulana waliochunga ng'ombe pamoja, wakifika umri wa miaka kumi hivi au zaidi kidogo, walianza kujijengea vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Walilala huko pamoja, na chakula walikwenda kula kwa mama zao kwa zamu: leo kundi zima kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi Rungwe katika miaka ya 1930, aliyaandika mambo haya katika kitabu kilichotoka mwaka 1951.

Katika maisha hayo kulikuwa na neno moja lililopendwa sana: ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa pamoja, na kujifunza adabu na busara kutoka kwao. Kijana aliyekula peke yake au kuwakwepa wenzake alionekana hana utu mzuri. Wazee waliamini kwamba mtu hujifunza tabia njema akiwa katikati ya rika lake.

Je, klabu ya michezo si rika la namna hiyo? Mnafanya mazoezi pamoja, mnalowa mvua pamoja, mnagawana ndizi za kuchemsha baada ya mechi. Kwa hiyo ukiambiwa umheshimu mwenzako uwanjani, usione umeletewa sheria ngeni. Ni adabu ya nyumbani iliyovaa jezi.

MPINZANI SI ADUI

Bila mpinzani hakuna mechi. Wale vijana wa kijiji jirani wametembea kilometa kadhaa, wameacha kazi za shamba, wamekuja kucheza na ninyi. Wasingekuja mngecheza na nani? Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwapokea. Waonyesheni mahali pa kubadilishia nguo, maji ya kunywa na choo. Kapteni akawaamkie viongozi wao kwa heshima: "Shikamooni wazee, karibuni Kisiba."

Ndani ya mchezo, tofautisha nguvu na ukatili. Kumkaba mtu, kugombea mpira bega kwa bega na kukimbia kufa na kupona ni nguvu, na nguvu inaruhusiwa. Kumrukia mtu kwa daluga huku mpira umeshaondoka ni ukatili. Mfupa wa mguu ukivunjika huhitaji majuma mengi kupona, na kijana wa shule anaweza kukosa muhula, au hata mtihani. Kabla ya kuingiza mguu kwa hasira fikiria hilo.

Yule mshambuliaji wa kwenye kisa chetu aliupiga mpira nje, na goli lilikuwa wazi. Sheria haikumlazimisha, maana refa alikuwa hajapuliza. Alifanya vile kwa sababu aliona mtu ameumia. Desturi ya wanamichezo ni kwamba timu inayorusha mpira huo iwarudishie wenzao waliouutoa. Desturi hii haimo kwenye sheria za mchezo, lakini asiyeifuata hujulikana mara moja ni mtu wa namna gani.

REFA NI MTU, NA ANAKOSEA

Je, wajua kwamba mpira wa miguu ulianza bila refa? Sheria za chama cha soka cha Uingereza zilipoandikwa mwaka 1863, refa hakutajwa. Makapteni ndio waliotakiwa kuelewana. Baadaye wakawekwa waamuzi wawili, mmoja wa kila upande, na refa akakaa pembeni kuwasuluhisha wanaposhindwana. Ni mwaka 1891 tu refa alipoingia katikati ya uwanja akiwa na mamlaka kamili. Kadi za njano na nyekundu zilitumika kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Mwingereza Ken Aston, aliyekuwa refa, alipata wazo hilo akitazama taa za barabarani.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba filimbi na kadi zilikuja kwa sababu watu walishindwa kuelewana wenyewe. Kadiri tunavyojitawala, ndivyo refa anavyopata kazi ndogo.

Katika mechi za vijijini refa mara nyingi ni mwalimu au mchezaji wa zamani. Hana wasaidizi waliosomea, na wala hana televisheni ya kutazama marudio. Atakosea tu. Ukiona amekosea fanya hivi:

(a) Kama wewe si kapteni, nyamaza. Rudi nafasi yako.
(b) Kapteni amfuate refa akitembea, si kukimbia, mikono ikiwa chini. Aseme, "Samahani mwalimu, naomba kueleweshwa." Akijibiwa, ashukuru na aondoke.
(c) Malalamiko makubwa yaandikwe baada ya mechi na viongozi wa klabu, yapelekwe kwa waandaaji.
(d) Kumzunguka refa watu sita, kumsukuma au kumtishia nyumbani kwake ni kosa hata kama yeye ndiye aliyekosea.

Msisahau, ndugu zangu: refa akipigwa leo, Jumamosi ijayo nani atakubali kushika filimbi?

MAMLUKI NA UMRI WA UONGO

Hapa tuongee wazi, maana ugonjwa huu uko mashuleni kwetu. Mashindano yakikaribia, ghafla shule inapata "mwanafunzi" mwenye ndevu ambaye hakuna aliyemwona darasani. Huyo ndiye mamluki. Au mchezaji wa miaka ishirini anaandikiwa kumi na sita. Watu hucheka na kusema, "Ujanja huo, bwana." Je, ni ujanja?

Tazama yaliyoipata nchi yetu. Timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 zilizochezwa Gambia. Kabla ya kwenda ikaondolewa, kwa sababu ilimtumia mchezaji aliyezidi umri. Nafasi wakapewa Zimbabwe, ambao Tanzania ilikuwa imewatoa. Fikiria wale vijana wengine wote waliokuwa na umri halali. Walijituma, wakashinda, wakabaki nyumbani kwa uongo ambao haukuwa wao.

Vijana wetu walisubiri hadi mwaka 2017 ndipo wakacheza fainali hizo, nchini Gabon. Na walifikaje? Kongo ya Brazzaville ilikuwa imewatoa uwanjani, kisha Kongo nayo ikaondolewa kwa suala la umri la mchezaji mmoja. Safari hii aliyelia alikuwa mwingine.

Siku hizi uongo wa umri unakamatwa hata kwa vipimo. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17. Picha hiyo huonyesha mifupa ya kifundo cha mkono kama bado inakua au imeshakomaa. Cheti unaweza kukigushi, mfupa hauwezi.

Kuna na hatari ya afya. Kijana wa miaka kumi na nne mifupa yake bado inakua. Akigongana na mtu mzima wa kilo themanini, atakayeumia anajulikana. Ndiyo maana mashindano yakapangwa kwa umri, ili watoto wasiumizwe na watu wazima.

KUVUMILIA NA KUFICHA JERAHA NI VITU VIWILI

Watanzania tunamkumbuka John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji akaendelea. Alimaliza wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Uwanja ulikuwa umeanza kuwa mtupu na giza limeingia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, haikumtuma kuzianza tu. Dunia nzima inamheshimu kwa hilo, na sisi pia.

Lakini vijana, msikielewe vibaya kisa cha Akhwari. Yeye alikuwa mtu mzima, jeraha lake lilionekana, na alihudumiwa kabla ya kuendelea. Kuna jeraha ambalo ushujaa haulisaidii hata kidogo, nalo ni la kichwa. Ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikigongwa kwa nguvu ubongo hutikisika, na unaweza kuumia hata kama hakuna damu inayotoka nje. Akigongwa mara ya pili kabla hajapona, madhara yanaweza kuwa makubwa sana, hata kifo.

Sasa turudi kwa golikipa wetu. Aliuliza swali moja mara mbili. Hiyo ni dalili. Dalili nyingine ni hizi: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, kichefuchefu, kuyumba, kuongea kwa kukokoteza maneno, kutokumbuka kilichotokea. Jibu sahihi ni moja tu: anatoka, na siku hiyo harudi tena kucheza. Wachezaji wa akiba wameisha? Beki avae glavu akae golini, timu icheze kumi. Kapteni anayemwambia kocha, "Mwalimu, samahani, huyu hawezi kurudi," hajakosa adabu. Ametimiza wajibu wake.

Tuseme kapteni wetu alisema hivyo, Kisiba wakafungwa bao la dakika za mwisho, mbili kwa moja. Mashabiki wakamzomea: "Umetuuza!" Usiku golikipa akaanza kutapika. Kwa kuwa wenzake walikuwa wamemsindikiza nyumbani na kuwaeleza wazazi wake, alifikishwa hospitali Tukuyu mapema. Je, pointi mbili au tatu za mechi zingeweza kulipia usiku ule kama hakuna aliyejua ameumia?

Kumbuka: aliyegongwa kichwa asiachwe peke yake saa 24 za kwanza. Apelekwe haraka kituo cha afya au hospitali akizimia, akitapika, akiwa na kifafa, akizidi kuumwa kichwa, akilala na kuwa mgumu kuamka, au mkono au mguu ukilegea. Asipewe aspirini wala diklofenaki, na asinywe pombe. Kama shingo inauma au hawezi kusogeza viungo, msimnyanyue ovyo. Mwacheni alale hapo hapo, kichwa kitulie, muite msaada.

Majeraha mengine ya kawaida:

Kifundo kilichoteguka: mchezaji apumzike, mguu uinuliwe juu, uwekewe kitambaa chenye maji baridi kwa dakika kumi na tano hivi, kisha ufungwe bendeji isiyobana sana. Wengi hukimbilia kukanda kwa maji ya moto na kuchua. Msifanye hivyo siku mbili za kwanza, maana joto huongeza uvimbe. Akishindwa kukanyaga hata hatua nne, aende akapimwe, huenda mfupa umevunjika.

Damu: sheria za mpira zinasema mchezaji anayetoka damu atoke nje mpaka damu ikome. Anayemhudumia avae glavu au mfuko safi wa plastiki mikononi. Hii ni kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Isiwe sababu ya kumnyanyapaa mtu. Mwenye virusi vya UKIMWI ana haki ya kucheza kama wewe. Kanuni ya damu ni ya wote.

Kidonda chenye tope: kioshwe kwa maji mengi safi na sabuni. Viwanja vyetu hupitwa na ng'ombe, na vimelea vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi. Uliza zahanati kama chanjo yako bado inakukinga.

POMBE, BANGI NA MKEKA

Rungwe kuna baridi, hasa Juni na Julai. Utasikia kijana akisema, "Napiga kimpumu kidogo nipate joto kabla ya mechi." Si kweli. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana unahisi joto. Kumbe mwili unazidi kupoteza joto lake, na miguu inachelewa kuitikia. Bangi nayo huharibu kukadiria umbali na kasi. Ukiwa hivyo utamwumiza mwenzako hata bila kukusudia. Kupasha mwili moto ni kukimbia taratibu na kunyoosha viungo kwa dakika kumi na tano.

Na mkeka? Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kucheza kamari. Zaidi ya hayo, mchezaji akiweka fedha kwenye mechi yake mwenyewe, hata ile ya kubahatishana soda na wapinzani, kuanzia hapo kila akikosa goli wenzake watamtilia mashaka.

WASICHANA, VIONGOZI NA HESHIMA

Klabu nyingi zina timu ya mpira wa miguu na timu ya netiboli. Mara nyingi uwanja, jezi na nauli huenda kwa wavulana kwanza, na wasichana hupewa kilichobaki. Hiyo si haki. Wote wametoa ridhaa, wote ni wanachama. Gawaneni siku za uwanja kwa maandishi. Maneno machafu kuhusu miili ya wasichana wakiwa mazoezini si utani. Kaka mwema huwanyamazisha wenzake.

Kuna jambo zito zaidi. Kocha, mwalimu au kiongozi akimwambia mchezaji, "Nipe penzi nikupe namba kwenye timu," huyo ametenda uovu, na si wewe mwenye kosa. Namba haiombwi kwa mwili wako. Usikae kimya. Mweleze mzazi, mlezi, mwalimu unayemwamini au ofisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Haya yanawapata wavulana pia. Kila klabu iweke kanuni: hakuna mtu mzima anayesafiri au kukaa faragha na mchezaji mmoja peke yake.

SHABIKI NAYE NI MWANACHAMA

Kelele za pembeni zinaweza kuua. Mwaka 2001 huko Accra, Ghana, mashabiki walianza kuvunja viti na kuvitupa, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na katika msongamano watu zaidi ya 120 wakafa. Mwaka 2022 mambo ya kufanana na hayo yalitokea Kanjuruhan, Indonesia, wakafa 135. Uwanja wetu hauna kuta wala mageti, lakini jiwe moja linatosha kumtoboa mtu jicho. Shangilieni timu yenu kwa nyimbo na ngoma. Wachezaji nao wasiwachochee.

JINSI YA KUSHINDA NA KUSHINDWA

Ukishinda, mpe mkono mpinzani kabla hujaanza kushangilia na wenzako. Usiimbe nyimbo za kumdhalilisha, maana Jumamosi ijayo unaweza kuwa wewe. Ukishindwa, mpe mkono vile vile, hata kama unalia. Kulia si aibu. Kisha rudini mkae pamoja, mle, mzungumze. Msitafute wa kumtupia lawama, na msiseme tumerogwa. Ulizaneni: mazoezi yalitosha? Nani alichelewa? Tulimkaba vizuri yule namba kumi?

ZOEZI LA KUFANYA KATIKA KLABU YENU

1. Andikeni katiba fupi ya mwenendo isiyozidi kanuni kumi. Kila mwanachama aisome na kutia sahihi, viongozi na kocha wakiwa wa kwanza.
2. Chagueni mtu mmoja asiyecheza awe msimamizi wa afya. Yeye akisema mchezaji atoke, kocha asiweze kukataa. Akusanye glavu, bendeji, sabuni na maji safi kabla ya kila mechi.
3. Jadilini: shule yenu imepata mamluki hodari, na bila yeye mtafungwa. Mwalimu amesema mnyamaze. Mtafanya nini, na mtamwambia nani?
4. Igizeni kapteni anayekataa golikipa aliyeumia kichwa kurudishwa uwanjani. Mmoja awe kocha mkali, mwingine shabiki. Kapteni atumie maneno gani ya heshima bila kurudi nyuma?
5. Waulizeni babu na bibi zenu: zamani rika lilimrudi vipi kijana mgomvi au mwongo? Andikeni majibu, mlinganishe na kanuni zenu.

Haya vijana, tukutane uwanjani. Na ukimwona mgeni amefika na begi lake, mkaribishe maji kwanza.